Nge: Maumbile Yake, Tabia Zake na Kinga kwa Familia Zinazosafiri

Kijarida hiki kimekusudiwa familia zizungumzazo Kiswahili zinazoishi Hockley na mitaa jirani ya Birmingham, hasa zile ambazo hufunga safari wakati wa likizo kwenda Afrika Mashariki, Kongo au Omani. Kinaeleza nge ni kiumbe wa namna gani, kwa nini huuma, na hatua zinazopaswa kuchukuliwa mtu anapoumwa, akiwa nyumbani Birmingham au akiwa safarini.

Mambo matatu ya kukumbukwa kabla ya yote:

• Hockley haina nge waishio kwa asili, si nje wala majumbani. Anayeonekana huku ameletwa na mzigo au ametoroka kwa mfugaji.

• Watu wengi waumwao na nge hupata maumivu makali ambayo hupungua baada ya saa kadhaa au siku moja hadi mbili. Hatari kubwa zaidi iko kwa watoto wadogo.

• Mtoto aliyeumwa na nge katika nchi za joto apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama anaonekana mzima.

KWA NINI HABARI ZA NGE ZIWAHUSU WAKAZI WA HOCKLEY

Hockley ni mtaa wa matofali, wa karakana za masonara na nyumba zilizopangana ukuta kwa ukuta, kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji. Mtu anaweza kuishi hapo miaka hamsini asione nge hata mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto azaliwaye hapo hukua bila kinga ambayo wazazi wake waliipata bila kujua kwamba wanafundishwa.

Mzazi aliyekulia Tanga, Lamu, Bukavu au Nizwa alizoea tangu utotoni kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa, kugeuza jiwe kwa kijiti badala ya mkono, na kutokanyaga uani usiku bila taa. Hakuna aliyemwandikia masharti hayo; aliyaona yakitendwa na wakubwa, naye akatenda. Mtoto wa Hockley hakuyaona. Bustanini kwao, jiwe likiinuliwa huonekana chungu, minyoo na konokono, na kiatu kilicholala nje hakina cha kuogopwa isipokuwa unyevu.

Kisha huja likizo ndefu ya shule, mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Mtoto huyo huyo hujikuta katika ua wa babu na bibi, akikimbia pekupeku baada ya magharibi na kuchokoa tundu za ukutani kwa vidole. Kwa upande wa Omani miezi hiyo ni ya joto kali, na nge hutoka kwa wingi usiku. Elimu ambayo zamani ilirithiwa kwa macho haina budi sasa itolewe kwa maneno, kabla ya siku ya safari.

NGE NI KIUMBE GANI

Nge si mdudu kwa maana ya kisayansi. Wadudu wana miguu sita. Nge ana minane, na ni wa ukoo mmoja na buibui, kupe na utitiri. Wataalamu wamekwisha kuainisha zaidi ya spishi 2,500 za nge, kuanzia wadogo wenye urefu wa takriban sentimita 1 hadi wakubwa wanaozidi sentimita 20. Hupatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika, na mabaki yaliyogeuka mawe huonyesha kwamba mababu zao waliishi zaidi ya miaka milioni 430 iliyopita.

Mwili wake umefunikwa na gamba gumu. Mbele ana magando mawili ya kukamatia, na nyuma ana mkia wenye vipingili vitano, unaoishia kwenye kifuko cha sumu chenye mwiba. Ndani ya kifuko hicho mna tezi mbili, zilizozungukwa na misuli ambayo hukamua sumu mwiba unapozama.

Ingawa nge ana macho mawili katikati ya mgongo wa mbele na mengine madogo pembeni, hategemei sana kuona. Miguu yake ina vihisio vinavyopokea mitetemo midogo mno ya ardhi, kiasi cha kumjulisha mahali mende anapotembea. Magando yake yana vinyweleo vinavyohisi upepo mwembamba. Tumboni ana viungo viwili mfano wa vitana, ambavyo hupapasa ardhi na kutambua harufu. Hii ndiyo sababu mtu mzima anayetembea kwa vishindo huwa amekwisha kujulikana na nge kabla ya kumfikia, na mara nyingi nge huwa amejificha. Anayeumwa zaidi ni yule ambaye hakutoa taarifa: mkono uliotiwa ghafla chini ya kuni, mguu ulioingia katika kiatu, au mtoto aliyejigeuza usingizini.

MAISHA YAKE YA USIKU

Mchana nge hujificha chini ya mawe, ndani ya ufa wa ukuta, chini ya magome ya miti, katika rundo la kuni au matofali, katika makuti ya paa, au katika shimo alilolichimba mwenyewe. Hupenda mahali ambapo mwili wake unagusa kitu chini na juu kwa pamoja. Kiatu, mkunjo wa nguo iliyoanguka sakafuni na nafasi iliyo kati ya mkeka na sakafu ni maficho ya namna hiyo hiyo. Nge aingiapo nyumbani hatafuti watu. Anatafuta giza, ubaridi na mende.

Giza linapoingia hutoka kuwinda, au husimama kwenye mlango wa maficho yake akingoja windo lipite. Hula nyenje, mende, panzi, mchwa, buibui na hata nge wenzake. Windo dogo hukamatwa kwa magando tu, bila sumu. Mwiba hutumiwa pale ambapo windo ni kubwa au linapigana, kwa kuwa kutengeneza sumu kunaugharimu mwili wake. Chakula hakimezwi kikiwa kigumu: nge hukipondaponda, hukimwagia maji ya kuyeyushia chakula, kisha hufyonza kilichoyeyuka.

Mwili wa nge hutumia nguvu kidogo sana. Spishi nyingi huweza kukaa miezi mingi bila kula, na baadhi hufikia mwaka mzima. Ndiyo maana nge aliyeingia katika kreti, furushi au sanduku huweza kuvuka bahari na kufika akiwa hai.

Nge hataga mayai. Dume na jike hushikana magando na kwenda mbele na nyuma, mithili ya wachezao ngoma, mpaka dume apate mahali palipo sawa pa kuweka kifuko cha mbegu, kisha humvuta jike juu yake. Mimba huchukua miezi miwili au zaidi, na katika spishi fulani hupita mwaka. Watoto huzaliwa wakiwa hai, weupe na laini, na hupanda mgongoni mwa mama yao, ambako hukaa mpaka wajivue gamba mara ya kwanza. Wapo wasimuliao kwamba watoto wa nge humpasua mama yao mgongo wakati wa kuzaliwa. Si kweli. Kinachoonekana ni watoto waliobebwa, na mama huendelea kuishi na huweza kuzaa tena.

Iko sifa moja ya nge yenye manufaa kwa msafiri. Gamba lake hung'aa rangi ya kijani-buluu linapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Tochi ndogo za mwanga huo huuzwa kwa bei nafuu, na hutosha kuchunguza chumba, choo cha nje au ua kabla ya kulala. Tahadhari mbili zizingatiwe: nge aliyetoka kujivua gamba hang'ai, na mwanga huo usielekezwe machoni mwa mtu.

SUMU NA NAMNA INAVYODHURU

Miongoni mwa spishi zote hizo, ni makumi machache tu ambazo sumu yake huweza kumwua binadamu. Hata hivyo madhara yake si madogo. Makadirio ya watafiti, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalieleza kwamba watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge kila mwaka duniani, na zaidi ya 3,000 hufa. Wengi wa wanaokufa ni watoto.

Sumu ya nge hatari hushambulia mishipa ya fahamu. Katika hali ya kawaida, vijilango vidogo vya kwenye mishipa hiyo hufunguka na kufungwa ili kupitisha ujumbe. Sumu huvizuia visifungwe ipasavyo, na mishipa huendelea kupiga mbiu bila kukoma. Kwanza huja maumivu makali kama ya kuunguzwa, pamoja na ganzi na kuchonyota. Sumu ikienea, mwili humwaga kemikali za mshtuko kwa wingi, jasho hutiririka, moyo huenda mbio, na shinikizo la damu hupanda. Katika hali mbaya kabisa moyo huchoka na mapafu hujaa maji.

Kiasi cha sumu ambacho huenea katika mwili wa mtu mzima wa kilo 70 kina nguvu karibu mara sita kikiingia katika mwili wa mtoto wa kilo 12. Nge hampunguzii mtoto kwa sababu ya umri wake. Kwa hiyo neno lisemwalo mara nyingi, kwamba fulani aliumwa na nge akalala akaamka salama, lisitumiwe kuwa kipimo cha mtoto.

KUTAMBUA NGE WA HATARI

Kuna kanuni moja ya jumla inayosaidia. Nge mwenye magando manene na mkia mwembamba hutegemea zaidi nguvu za magando, na kwa kawaida sumu yake si kali. Nge mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Nge wakubwa weusi wenye magando mapana, wa jamii ya Pandinus na jamaa zake, huonekana Tanzania, Kenya na Kongo. Hutisha kwa umbo, lakini madhara yao kwa kawaida ni maumivu ya mahali walipouma. Kwa upande mwingine, nge wa jenasi ya Parabuthus, wapatikanao katika nyika kavu za Kenya na Tanzania, wana mkia mnene na sumu kali. Jamii ya Hottentotta pia, yenye wanachama Afrika Mashariki na Omani, haifai kudharauliwa.

Omani na Ghuba kwa jumla zina nge walio hatari zaidi. Androctonus crassicauda ni mweusi au wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mkia mnene kama kidole, na sumu yake imewahi kuua watu. Nge wa manjano wa jenasi ya Leiurus, waliopo Rasi ya Arabuni na kaskazini-mashariki ya Afrika, wana umbo jembamba lisilotisha, lakini sumu yao ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote. Mdogo wa umbo si lazima awe mdogo wa madhara.

Kanuni hii ni ya kuongeza uangalifu, si ya kuamua matibabu. Hakuna mzazi apaswaye kukaa nyumbani na mtoto aliyeumwa kwa sababu magando ya nge yalionekana manene.

NGE KATIKA UINGEREZA

Uingereza haina nge wa asili. Ipo jamii moja tu mashuhuri ya nge waliohamia, nayo iko Sheerness, katika mkoa wa Kent, mwendo mrefu kutoka Birmingham. Nge hao wadogo, wenye mikia ya rangi ya manjano na asili ya kusini mwa Ulaya, walifika kwa merikebu katika karne ya 19 na wakafanya maskani katika nyufa za kuta za bandari. Makadirio huwataja kuwa zaidi ya 10,000. Urefu wao hauzidi sana sentimita 4, huuma kwa nadra, na maumivu yake hayazidi ya nyuki.

Mkazi wa Hockley aonaye kiumbe mfano wa nge bustanini au jikoni huwa, karibu kila mara, ameona kingine. Yuko mende mweusi mrefu ambaye akitishwa huinua mkia wake juu kama nge. Hana mwiba wala sumu. Yuko mdudu wa kahawia mwenye koleo nyuma ya mwili, apendaye vyungu vya maua. Yuko pia kiumbe wa milimita tatu au nne mwenye magando lakini asiye na mkia, aishiye katika majani makavu na vitabu vya zamani. Hao wote hawamdhuru mtu, na hakuna haja ya kuwapulizia dawa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka; mshtuko huo unaeleweka, lakini hauhitaji kumpeleka mtu hospitalini.

Nge wa kweli anaweza kufika Hockley kwa njia mbili. Ya kwanza ni mizigo itokayo nchi za joto: masanduku, vinyago, mikeka, vikapu, viatu na vyombo vilivyokaa stoo kabla ya kufungwa. Ya pili ni wafugaji. Wapo watu wafugao nge, na sheria ya mwaka 1976 kuhusu wanyama hatari wa porini inamtaka mwenye kufuga nge wa ukoo wa Buthidae, ambao ndimo walimo wengi wa hatari, awe na leseni ya halmashauri. Hairuhusiwi pia kumleta nge mkubwa aitwaye Pandinus imperator bila vibali, kwa kuwa analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini. Asitokee msafiri wa kumtia nge chupani kwa ajili ya kumwonyesha mwalimu shuleni.

Sanduku lililotoka safari halifai kufunguliwa juu ya kitanda. Hodhi la kuogea lililo kavu ni mahali pazuri zaidi, kwa sababu nge hawezi kupanda ukuta wake laini. Kila nguo na kiatu vikung'utwe humo kimoja kimoja.

Nge akionekana, watoto na wanyama wa nyumbani watolewe chumbani. Afunikwe kwa bakuli au chupa pana ya kioo, kadi ngumu ipenyezwe chini yake, kisha chombo kifunikwe vizuri. Asishikwe kwa mkono, hata akionekana amekufa, na asitupwe nje. Ushauri wa kumchukua uombwe kwa RSPCA, shirika la kuhudumia wanyama.

KINGA SAFARINI

Mazoea yafuatayo ni yale yale ambayo wazee huyatenda. Tofauti ni kwamba mtoto wa Birmingham aelezwe sababu yake, kwa kuwa hataiona mara moja.

• Viatu, soksi, taulo na nguo vikung'utwe kila asubuhi kabla ya kuvaliwa. Viatu visiachwe nje usiku.

• Mtu asitembee pekupeku baada ya jua kutua, hata kwa hatua chache za kwenda chooni. Viatu vilivyofunika vidole ni bora kuliko kandambili.

• Kitanda kisigusane na ukuta, na shuka zisiburure sakafuni. Chandarua kilichokunjiwa chini ya godoro huzuia mbu na nge kwa pamoja, na hufaa zaidi kwa mtoto alalaye chini.

• Mikono isitiwe katika tundu, ufa au rundo la kuni, mawe au makuti. Kijiti kitangulie, mkono ufuate.

• Kabla ya kulala, sakafu na kuta za chumba cha watoto zimulikwe kwa tochi.

• Kabla ya safari, familia ijue hospitali iliyo karibu na mahali itakapofikia, na namna ya kufika huko usiku. Chanjo ya pepopunda ihakikiwe kwa daktari wa familia.

Wenyeji wa nyumba hawapaswi kuona tahadhari hizi kuwa ni dharau ya wageni kutoka Ulaya. Mgeni huyo ni mjukuu wao, na hana uzoefu walio nao wajukuu wengine wa hapo.

MTU ANAPOUMWA

Huduma ya kwanza ni fupi, na yafaa ijulikane na kila mtu mzima wa nyumba.

1. Aliyeumwa aondolewe mahali alipo nge, kwa kuwa nge huweza kuuma tena.

2. Atulizwe na kukalishwa. Pete, bangili na shanga zivuliwe kabla kiungo hakijavimba.

3. Mahali palipoumwa paoshwe kwa sabuni na maji, kisha pawekwe kitambaa baridi au barafu iliyofungwa katika nguo, kwa vipindi vya dakika chache. Kiungo kisitikiswe.

4. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini.

5. Saa ya kuumwa iandikwe. Ikiwezekana, nge apigwe picha kwa mbali. Muda usipotezwe kumsaka.

6. Mtoto yeyote, mjamzito, mzee, au mwenye maradhi ya moyo au ya kifua apelekwe hospitalini bila kungoja.

Mtu mzima asiye na maradhi mengine aende hospitalini mara moja akiona lolote kati ya haya: kutapika, jasho jingi, kutokwa mate kusiko kwa kawaida, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, macho kuzunguka yenyewe, misuli kutukutika, ulimi kuwa mzito, au kuzimia. Kwa mtoto mchanga, kulia kusikotulizika pamoja na jasho na kutapika ni dalili za kutosha hata kama hakuna aliyemwona nge. Kwa wavulana, kusimama kwa dhakari bila sababu ni dalili ya sumu kuenea. Isionewe haya, daktari aambiwe. Dalili kubwa hujitokeza kwa kawaida katika saa chache za mwanzo, na ndizo saa ambazo mgonjwa anapaswa kuwa chini ya uangalizi.

Katika nchi za Ghuba hospitali nyingi huwa na dawa ya kuzima sumu ya nge, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki tiba hutegemea zaidi kutuliza maumivu, kushusha shinikizo la damu, kulinda moyo na kumpa mgonjwa oksijeni. Kukosekana kwa dawa ya kuzima sumu si sababu ya kubaki nyumbani. Uangalizi huo pekee umeokoa wengi.

YASIYOFAA KUTENDWA

Jeraha lisichanjwe kwa wembe wala lisinyonywe kwa mdomo. Kiungo kisifungwe kamba, kwa maana damu ikizuiwa nyama hufa. Mafuta ya taa, maji ya betri na jiwe jeusi la kuwekwa juu ya jeraha havitoi sumu. Wapo waaminio kwamba nge mwenyewe akipondwa na kupakwa huponya, kwa hoja kwamba dawa ya moto ni moto; kitendo hicho huleta uchafu katika jeraha na huwapotezea wazazi saa iliyo na thamani kuliko zote.

Dua na kisomo havikatazwi. Visomwe garini, njiani kuelekea hospitalini.

PA KUPATA MSAADA HOCKLEY

Aliyeumwa na nge huku Birmingham na akawa na dalili kubwa zilizotajwa, au uso na koo vikimvimba, apigiwe simu 999. Kwa ushauri usio wa dharura, simu ni 111, ambayo hujibiwa usiku na mchana bila malipo. Apigaye anaweza kutaja neno “Swahili” na kuomba mkalimani. Huduma hiyo pia hailipiwi, na mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake.

Kitengo cha dharura kilichokuwa City Hospital, Dudley Road, kimehamia Midland Metropolitan University Hospital, Smethwick, iliyofunguliwa mwaka 2024. Watoto hupokewa pia Birmingham Children's Hospital, Steelhouse Lane. Daktari asiyewahi kutibu jeraha la nge hana sababu ya kubahatisha, kwani iko huduma ya taifa ya taarifa za sumu ambayo huwashauri madaktari saa zote, na moja ya vituo vyake iko Birmingham. Mgonjwa ataje nchi alikotoka mzigo au nge, kwa kuwa ushauri hutegemea habari hiyo.

Aliyeumwa akiwa safarini, kisha akarudi na jeraha lenye usaha, homa au ganzi isiyoisha, amwone daktari wa familia na kumweleza tarehe na mahali alipoumwa.

KABLA YA SIKU YA SAFARI

Familia nyingi hupanga siku moja ya kufunga masanduku. Siku hiyo yafaa pia iwe siku ya somo. Mtoto apewe kiatu chake mwenyewe mkononi, akigeuze, akikung'ute mara mbili, achungulie ndani, ndipo akivae. Arudie hivyo kila asubuhi angali Hockley, ambako kiatuni hamna kitu, ili atakapofika kwa bibi yake mkono uwe umekwisha kuzoea.